Huruma Inayolemaza

Huruma ni pambo la moyo wa binadamu, lakini si kila huruma ni dawa. Iko huruma inayomwinua aliyeanguka, na iko huruma inayomfunika shuka mtu aliye hai kama kwamba amekwisha kufa. Ya kwanza humuuliza mgonjwa, "Leo utajaribu nini?" Ya pili humwambia, "Tulia, usijisumbue, tutakufanyia sisi." Watu wengi huisifu ya pili kwa sababu ni laini, na huishutumu ya kwanza kwa sababu yaonekana ngumu. Nia yangu katika insha hii ni kuigeuza hukumu hiyo. Nasema kwamba kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, huruma laini ya nyumba zetu imeleta madhara makubwa. Na kwamba maradhi yakisha kumpooza upande mmoja, aghalabu sisi tulio wazima humpooza upande wa pili.

Jambo hili lawahusu ninyi vijana wasomaji kuliko mnavyodhani. Kiharusi hupenda kuwashika wazee, ijapokuwa vijana nao hawakukingwa nacho. Babu au nyanya akirudishwa nyumbani kutoka hospitali, anayempelekea uji asubuhi ni mjukuu. Anayetumwa maji ni mjukuu. Anayekaa naye jioni, watu wazima wakiwa bado shambani au kazini, ni mjukuu. Kwa hiyo ninyi mtakuwa ama miguu ya mgonjwa huyo, ama minyororo yake. Ni haki mjue tofauti ya mambo hayo mawili kabla hamjaitwa kuyatenda.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Ubongo huishi kwa damu, na damu huufikia kwa njia ya mishipa. Mshipa mmoja ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka na kuvuja, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa hewa safi na chakula, nayo huanza kufa katika muda wa dakika chache. Hicho ndicho kiharusi. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia hutawala wa kushoto, mgonjwa huweza kupotewa na nguvu za mkono na mguu wa upande mmoja. Kwa watu wengi makao ya lugha yamo katika upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo maana aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupotewa na maneno pia. Hapana jini hapa, wala upepo mbaya, wala jicho la jirani. Mzizi mkubwa wa msiba huu ni shinikizo la damu lililopanda kwa miaka mingi bila kupimwa wala kutibiwa. Na wasaidizi wake ni ugonjwa wa sukari, tumbaku, pombe nyingi, chumvi ya kupita kiasi, na mwili usiofanya kazi. Mdomo ukienda upande ghafula, mkono ukikataa kuinuka, au maneno yakivurugika, mahali pa kukimbilia ni hospitali, na wakati wa kukimbia ni saa ile ile; maana kila saa inayopotea kwa mpiga ramli ni sehemu ya ubongo inayopotea isirudi.

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Kweli hii ndiyo iliyowakatisha watu tamaa tangu zamani, wakasema kwamba aliyepooza amepooza. Lakini elimu ya leo imeongeza kweli ya pili juu ya ile ya kwanza, nayo ni kwamba ubongo huweza kujifunza upya. Daraja likichukuliwa na mafuriko, magari hayaachi kwenda sokoni. Hutafuta njia ya kuzunguka, na ile njia nyembamba ya kando ya shamba, kwa kupitwa kila siku, hupanuka ikawa barabara. Ndivyo ufanyavyo ubongo: sehemu zilizosalia salama hujifunza kidogo kidogo kazi iliyokuwa ya sehemu iliyokufa. Walakini njia haifunguki kwa kutazamwa, hufunguka kwa kupitwa. Mkono usiotumwa husahau kazi, na mguu usiokanyaga husahau ardhi.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Taub, alitambua jambo ambalo yafaa kila nyumba yenye mgonjwa ilijue: ya kuwa mtu huweza kuacha kuutumia mkono wake dhaifu si kwa sababu hauwezi kabisa, bali kwa sababu aliujaribu siku za kwanza akashindwa, na tangu hapo akajifunza kutoutumia. Dawa aliyoitunga ilikuwa kuuzuia ule mkono mzima, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya wagonjwa 222, waliokuwa wamepatwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, na ambao bado walikuwa na nguvu kidogo za kukunjua kifundo cha mkono na vidole. Baadhi yao walivalishwa glavu nene katika mkono mzima kwa muda wa wiki mbili, wakafanya mazoezi ya saa nyingi kwa mkono dhaifu. Wengine waliendelea na matunzo ya kawaida. Wale wa glavu waliwashinda wenzao, na baada ya mwaka mzima nafuu yao ilikuwa bado ipo. Tazameni basi! Kilichowasaidia watu hawa hakikunywewa wala hakikudungwa kwa sindano. Kilikuwa kazi.

Sasa na tuwasikilize wanaotupinga, maana si haki kumhukumu mtu kabla hajasema.

Wa kwanza husema, "Mgonjwa apumzike, mapumziko ni nusu ya dawa." Neno hili lina chembe ya ukweli, nami sitaificha. Mwaka 2015 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano yalionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa mapema mno na kumzidishia mazoezi, kuanzia saa 24 za kwanza, kuliwapunguzia wagonjwa nafasi ya kupona vyema. Kwa hiyo siku ya kuanza na kiasi cha kuanzia ni hukumu ya daktari na ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wala si ya jirani mwenye ujuvi. Lakini tazameni jinsi watu wanavyoivuta chembe hii hadi ikawa gunia! Mapumziko ya siku chache yamegeuzwa mapumziko ya miaka. Mzee hulazwa chumba cha nyuma mwezi wa kwanza, na mwezi wa kumi na mbili yumo mumo humo. Wakati huo misuli imekonda, viungo vimekakamaa, ngozi ya mgongo na ya nyonga imetoka vidonda, na damu imeganda miguuni kwa kutotembea. Kisha watu huvionyesha vidole vyake vilivyojikunja, wakasema, "Mwaona kiharusi kilivyomfanya?" Kiharusi kilikuwa na sehemu yake, na kitanda kilikuwa na sehemu yake; lakini kitanda hakishtakiwi, kwa sababu sisi ndio tuliokitandika.

Nafuu ya haraka zaidi hupatikana katika miezi ya kwanza. Miezi hiyo ndiyo majira ya kupanda, na mkulima anayelala wakati wa mvua hawezi kuilaumu ardhi wakati wa mavuno. Hata hivyo mlango haufungwi baada ya hapo. Wengi huendelea kupata nafuu ndogo ndogo kwa miaka, maadamu kazi haikukoma. Na kazi yenyewe haihitaji jumba la mitambo. Kuchambua maharagwe kwenye ungo ni zoezi la vidole. Kupukuchua mahindi ni zoezi la kiganja. Kufunga kifungo cha shati, kushika kikombe, kukunja nguo zilizokauka, kuinuka kitini mara tano na kukaa tena, kwenda hadi mlangoni na kesho hadi uani: haya yote ni mazoezi, nayo yana faida ya pili, kwamba mwisho wake huonekana. Mtu aliyechambua maharagwe amepika pamoja na wenziwe. Mtu aliyelishwa tu amekula peke yake, hata akiwa amezungukwa na watu kumi.

Hata hivyo bidii isiyo na maarifa huvunja. Mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, maana bega lisilo na misuli ya kulishika hutoka mahali pake upesi, na maumivu yake ni makali. Asilishwe akiwa amelala chali. Aketi wima, na kama chakula humpalia, daktari aelezwe. Wala dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu mzee "amepata nafuu", kwa kuwa aliyepigwa mara moja yumo katika hatari ya kupigwa tena. Chumvi nayo ipimwe: Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyake vyote.

Mpinzani wa pili husema, "Akili yake imekwenda." Nalo hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu lile huuonea mwili, na hili huuonea utu. Mzee huulizwa jina la mjukuu wake, naye hutaja jina la mbuzi. Watu hucheka au hulia, kisha hukata shauri kwamba hafahamu kitu. Tangu siku hiyo husemwa juu ya kichwa chake kama kwamba ni kabati. Shamba lake hugawanywa akiwapo na asiulizwe. Binti yake hutolewa mahari, naye huambiwa baada ya wageni kwenda zao. Lakini kupotewa na maneno si kupotewa na akili. Wako wagonjwa wengi wanaofahamu yote wasemwayo, au sehemu yake kubwa, ilhali ulimi hauleti neno walitakalo. Wengine hawawezi kusema sentensi moja, lakini wakianzishiwa wimbo waliouzoea tangu utoto, maneno yake hutoka kama maji. Basi mwenye kutaka kujua kama mzee anafahamu, na amwulize swali la ndiyo au siyo, atulie, amtazame usoni, na angoje. Amwonyeshe vitu viwili ili achague. Asimmalizie kila neno, maana neno lililomalizwa na mwingine halikutafutwa na mwenyewe, na kilichomponya ni kule kutafuta.

Uko mfano mashuhuri wa jambo hili. Patricia Neal alikuwa mwigizaji wa sinema wa Marekani, mke wa Roald Dahl, mwandishi ambaye vitabu vyake vya watoto husomwa duniani kote. Mwezi wa Februari mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 39 na mwenye mimba, mishipa ya damu ilipasuka kichwani mwake, akakaa majuma karibu matatu bila fahamu. Alipozinduka hakuweza kutembea wala kusema sawasawa. Mumewe alimrudisha kijijini kwao Great Missenden, nchini Uingereza, na hapo akafanya jambo la akili: aliwaomba majirani waje kwa zamu, kila siku, saa baada ya saa, wamsomeshe kusema, kusoma na kuandika. Hawakuwa matabibu, walikuwa majirani tu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mama huyo alijifungua binti mzima. Mwaka 1968 ilitolewa sinema aliyoigiza baada ya ugonjwa wake, naye akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Mmoja wa majirani wale, Valerie Eaton Griffith, aliandika kitabu mwaka 1970 kuwaeleza watu wengine namna ya kufanya.

Wako waliomlaumu Dahl kwamba alikuwa mkali mno kwa mkewe, nami simtetei katika ukali. Mgonjwa hachoki kama mtu mzima. Uchovu wake ni mzito, na saa ya kupumzika ni haki yake. Ninalolisifu ni zamu ya majirani. Nasi, je, tuna uchache wa majirani? Siku mzee anapofariki, watu mia mbili hukusanyika. Hema hukodiwa, sufuria kubwa huazimwa, na michango hukusanywa usiku kucha. Hao mia mbili walikuwa wapi alipokuwa hai, akiwa na haja ya mtu mmoja tu wa kumshika kiwiko hadi barazani? Kama kila mmoja wao angalimpa saa moja katika mwaka, mzee huyo angalipata mwenzi wa mazungumzo kwa saa mia mbili. Tunawahi mazishi, na uhai tunauchelewea.

Mpinzani wa tatu husema, "Hana kazi tena, mchango wake umekwisha." Huyu ningependa kumjulisha kwa Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye jina lake hutajwa katika vitabu vyenu vya biolojia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 45, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Maabara yake mpya ilikuwa ikijengwa wakati huo, na wakubwa, kwa kudhani kwamba atakufa, wakasimamisha ujenzi. Hebu litafakarini jambo hili: mtu yu hai, na mafundi wameweka zana chini! Lakini Pasteur, akiwa kitandani, alikuwa akisema maneno ya elimu yake na wengine wakimwandikia. Na baada ya miezi michache alikuwa safarini kuendelea na uchunguzi wake wa maradhi ya viwavi wa hariri. Mkono wake wa kushoto haukupona kamwe, na alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Naam, katika hali hiyo ndimo alimoonyesha chanjo ya kimeta mbele ya watu mwaka 1881. Na tarehe 6 Julai 1885 chanjo yake ya kichaa cha mbwa ikaanza kudungwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Kati ya kiharusi na siku hiyo ni miaka karibu 17. Laiti wale waliosimamisha ujenzi wangalisikilizwa mpaka mwisho, dunia ingalipata hasara gani!

Mtasema, "Pasteur alikuwa mtu mkubwa." Basi nitawapa mtu wa kawaida. Nilifanya kazi na mwalimu wa hesabu ambaye kiharusi kilimwondolea nguvu za mkono wa kulia. Ulimi wake ulibaki, na hesabu zake zilibaki. Kwa muda wa miezi mitano alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa chaki, juu ya mlango wa ghala yake, mpaka tarakimu zake zikasomeka kwa mtu aliyesimama uani. Kisha akaomba kurudi darasani. Wakubwa wa shule walimjibu kwa adabu kubwa kwamba amekwisha tumika vya kutosha, na kwamba haifai wanafunzi wamwone mwalimu wao katika hali ile. Wakamfanyia karamu, wakamsifu, wakampa blanketi. Shule ikakaa mihula miwili bila mwalimu wa hesabu wa kidato cha tatu. Watu walisema wamemhurumia. Mimi nasema walimnyang'anya kazi na kuwanyang'anya wanafunzi wao mwalimu, kisha wakayafunika mambo mawili hayo kwa blanketi moja. Na juu ya neno lile, kwamba wanafunzi wasimwone, nauliza: ni somo gani la ushujaa lililo kubwa kuliko mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto kile alichokiandika miaka ishirini kwa mkono wa kulia? Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kuiona methali hii kwa macho ataijuaje?

Wala si fadhila tunayoiomba hapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na ya kufika kwa njia zifaazo mahali pote, pamoja na vyombo vya usafiri wa umma. Ibara ya 57 huwapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Angalieni kwamba sheria imeweka kushiriki na kutunzwa pamoja. Nyumba inayotunza bila kushirikisha imelipa nusu ya deni. Na kondakta wa matatu anayeliondoa gari kwa sababu mzee mwenye mkongojo "atatuchelewesha" amemdharau mzee, na ameidharau Katiba vilevile.

Mpinzani wa nne simkaripii, kwa sababu amechoka. Huyu husema, "Maneno yako ni mazuri, mwalimu, lakini ni nani mwenye nafasi? Ni wepesi kwangu kumvika shati kwa dakika mbili kuliko kungoja ajivike kwa nusu saa." Mara nyingi msemaji huyu ni mama wa nyumba, au binti aliyeachishwa shule ili amwuguze babu. Kwake nasema kwa upole: dakika unazookoa leo utazilipa kesho na riba. Mzee anayevikwa atavikwa mpaka kufa. Mzee aliyengojewa, huenda baada ya miezi mitatu akajivika mwenyewe, ukapata dakika zako zote. Tena mzigo huu haukuandikwa kwa jina la mwanamke. Kaka wa nyumba ana mikono miwili, na kumshika nyanya mkono hadi uani hakumpunguzii uanaume. Mkono mmoja haulei mwana, na hauuguzi mzee. Binti na arudi shule, na zamu igawanywe.

Tena yako maradhi ya pili yanayofuata kiharusi kimya kimya, nayo ni huzuni. Wagonjwa wapata mmoja katika kila watatu huingiwa na unyonge wa moyo ulio ugonjwa kamili, unaotibika, lakini ambao watu huuita ukaidi. Mzee hakatai mazoezi kwa kiburi, anakata tamaa. Daktari aelezwe habari zake kama anavyoelezwa za mguu. Na pamoja na daktari, mtu huyo ana haja ya sababu ya kuamka. Ni nani aamkaye kwa furaha ili alale tena? Mwekee mtu shauri linalomngoja, hesabu ya chama inayomtaka, mjukuu anayemtegemea kumsikiliza akisoma, nawe umempa sababu ambayo duka la dawa haliuzi.

Sitaki kuwadanganya, vijana. Wako wagonjwa ambao hawatatembea tena, hata wakifanya yote. Wako ambao maneno hayatarudi. Mwenye kuahidi kwamba bidii hushinda kila kitu huwatia wagonjwa hawa aibu juu ya msiba, kama kwamba wamelala kwa uvivu. Lakini hapa ndipo hoja yangu inaposimama imara zaidi. Nafasi ya mtu katika jamii si zawadi anayopewa akisha kupona. Asiyeweza kutembea, kiti chake na kibebwe hadi barazani. Asiyeweza kusema, na ainue mkono shauri likikatwa, na mkono wake uhesabiwe. Asiyeweza kusimama kanisani au kwenda msikitini, na watu wamwendee nyumbani, waketi, wala wasitazame saa. Mwili una mpaka wake. Heshima haina sababu ya kuishia kwenye mpaka huo.

Basi, msomaji kijana, nakupa kazi ya mkono wako. Nyumbani kwenu, au kwa jirani, yumo mtu aliyefichwa chumba cha nyuma. Mwendee. Mwamkie kwa jina lake la heshima, wala usimwite "yule aliyepooza". Keti upande anaokuona vizuri. Mwulize neno, ungoje jibu hata likikawia. Mpe kitu cha kufanya, kilicho kidogo lakini cha kweli: akushikie uzi, akuchambulie mboga, akuhesabie hela za duka, akusahihishie hadithi ya ukoo wenu ambayo wewe umeikosea. Akiangusha kikombe, usikimbilie kukiokota kabla hajajaribu. Na akishindwa, kiokote bila kusema neno. Kaka na dada zako wakikwambia unamtesa mzee, waeleze ulichokisoma. Kisha rudi kesho, na kesho kutwa, maana bandu bandu huisha gogo, na hatua moja iliyorudiwa kila siku ina nguvu kuliko machozi ya ukoo mzima.